Twende Kwao Mama: Likizo Katika Kisiwa cha Idjwi

Katika nchi yetu ya Bushi, kama katika nchi nyingi za Afrika, mwanamke akiisha kuolewa huhama. Huuacha mlima wa baba yake, huingia katika nyumba ya mume, na watoto wake huhesabiwa katika ukoo wa mume. Kwa hiyo mtoto hujifunza mapema njia ya kwenda kwa babu mzaa baba. Hujua shamba la migomba lilipandwa na nani, na nani amelala chini ya mti gani. Lakini mwulize mtoto huyo huyo: “Mama yako alichota maji katika chemchemi gani alipokuwa na umri wako?” Mara nyingi atanyamaza. Kwake ni kama mama alianza kuishi siku ya arusi.

Jambo hili si dogo. Amri ya nne haikutuagiza kumheshimu baba peke yake, bali baba na mama. Na mtu atamheshimuje vema asiyemjua? Kitabu cha Mwanzo chatueleza ya kuwa Isaka alimtuma mwanawe Yakobo aende kwa watu wa mama yake, Rebeka. Alipokaribia nchi ile, Yakobo aliona kisima, na kando yake wachungaji waliomjua Labani, ndugu ya mama yake. Rebeka naye, alipokuwa msichana, alikuwa akiteka maji katika kisima cha mji wake, na hapo ndipo mtumishi wa Abrahamu alipomkuta. Basi kijana yule alikwenda kuona kwa macho yake nchi aliyokuwa akiisikia kinywani mwa mama yake.

Nataka kuwaeleza safari ya namna hiyo. Jamaa yetu tuliifanya kutoka Nyantende hata kisiwa cha Idjwi, katika likizo kubwa ya mwaka wa 2023.

Mama asiyependa ziwa

Mke wangu ni Muhavu wa Idjwi, upande wa kusini. Alitoka kisiwani akiwa na miaka kumi, akalelewa na kusomeshwa Bukavu. Tulipooana tulikaa Nyantende, kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Nyangezi na Uvira. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuvuka ziwa tena. Watoto wetu watatu walijua neno moja tu, ya kuwa mama hapendi maji. Tuliposhuka Bukavu na kufika pwani ya ziwa, watoto wa wenzetu walicheza ukingoni, lakini wa kwetu waliitwa kwa sauti kali warudi juu. Mkubwa wao, kijana wa miaka kumi na miwili, alizoea kunung'unika: “Mama anatuogopesha bure.” Mama yake hakumjibu.

Sababu yake mimi nilikuwa nimeambiwa kabla ya arusi. Baba yake aliondoka usiku mmoja kwa mtumbwi, amechukua kahawa, wala hakurudi. Watoto waliambiwa kwamba maiti yake haikuonekana. Hapakuwa na mazishi wala kaburi. Kila nilipotaja Idjwi, mke wangu aliniuliza: “Nitakwenda kuona nini?”

Mwezi wa sita mwaka ule habari ilifika kwamba shangazi yake, dada ya marehemu, amekuwa mzee sana, naye anaomba kumwona. Mke wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, tulipokwisha kusali rozari ya jioni, alisema: “Twende wote.”

Kisiwa na watu wake

Tuliondoka alfajiri, tukafika Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi zake tano zilizoingia ziwani. Huko tulichagua boti isiyojaa mno, tukavaa majaketi ya kuelea, hata mtoto mdogo. Mke wangu aliketi katikati, rozari mkononi. Hakutazama maji mpaka tulipoanza kuona migomba ya kisiwa.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu. Kipo katikati, Kongo upande wa magharibi na Rwanda upande wa mashariki. Ziwa lenyewe liko juu sana, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 450. Wenyeji wengi ni Wahavu, na pamoja nao wako Wambuti. Nchi imegawanyika kati ya Bami wawili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Kihavu na Mashi ni kama watoto wa tumbo moja, hata watoto wetu walishangaa kusikia ya kuwa wanaelewa karibu yote.

Kisiwa hiki kimeona mengi. Mwami Rwabugiri wa Rwanda, aliyefariki mwaka wa 1895, alikiteka kwa vita, na baada ya kufa kwake wenyeji wakarudi katika mamlaka ya ukoo wao wenyewe. Kisha Wazungu wakashindana: Wajerumani walikitaka, na Wabelgiji walikitaka. Mapatano ya mwaka wa 1910 ndiyo yaliyokiweka katika Kongo. Mwaka wa 1994 kilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda. Katika vita vilivyofuata katika Kivu, kisiwa kilisalimika kuliko milima ya bara, maana maji yalikuwa kama ukuta wake. Lakini, kama mtakavyosikia, ukuta ule ulikuwa pia na bei yake.

Shangazi alitupokea mlangoni, amejitegemeza kwa fimbo. Alimshika mke wangu uso kwa mikono miwili, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sisi hatukulijua. Watoto wakacheka kwa furaha. Jioni ile tulikula bugali wa muhogo na sambaza. Samaki hawa wadogo hawakuwamo Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1960, na leo wavuvi huwavua usiku kwa taa.

Siku mbili mke wangu alituongoza kila mahali. Alituonyesha chemchemi alipochotea maji, na jiwe pana ambapo wanawake walifulia nguo. Alituonyesha njia ya shule, ambayo aliikimbia asubuhi bila viatu. Shangazi hakuficha neno. Aliwaambia watoto kwamba mama yao, mwenye kuwafundisha kutogusa kitu cha watu, alipigwa siku moja kwa kuiba nanasi la jirani. Binti yetu alimtazama mama yake kwa macho mapya. Tangu saa ile alimfuata kila alipokwenda, akiuliza: “Na hapa, Mama? Hapa ulifanya nini?”

Kahawa ya usiku

Siku ya tatu jioni, shangazi alituomba tumsindikize mpaka ukingoni. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwita kijana wetu mkubwa aketi karibu naye. Ndipo alipoanza kusimulia. Ili mpate kuelewa maneno yake, yafaa kwanza nieleze habari ya kahawa.

Kahawa ililimwa katika Kivu tangu wakati wa Wabelgiji, na udongo wa Idjwi unaifaa sana. Lakini biashara yake iliharibika. Barabara zilikufa, viwanda vikafungwa, na vita, hasa vile vya 1998 hadi 2003, vikaleta ushuru na vizuizi visivyo na mwisho. Mkulima aliyetunza miti yake mwaka mzima hakupata hata fedha ya kulipa shule. Ng'ambo ya ziwa, katika Rwanda, wanunuzi walikuwa tayari. Basi wanaume walijaza magunia katika mitumbwi, wakavuka usiku ili wasionekane na askari. Mtumbwi uliolemewa hauwezi kushindana na upepo wa Kivu. Watu wengi sana walizama, na katika vijiji vya ukingoni wajane waliongezeka.

“Baba yako mkubwa,” shangazi alimwambia kijana, maana kwetu jina la babu hutamkwa kwa heshima ya namna hiyo, “hakuwa mwizi wala mkaidi. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Aliniambia: Dada, nikivuka mara hii moja, ada yote imelipwa. Upepo ulianza kabla ya jogoo wa kwanza. Mama yako alikuwa na miaka kumi. Alisimama hapa, mahali hapa ulipoketi, mpaka jua lilipotua kesho yake. Tulimbeba kwa nguvu kumrudisha nyumbani.”

Kijana wetu aliinamisha kichwa. Sikumwona kunung'unika tena tangu siku ile.

Kisha shangazi akamgeukia mke wangu. “Mwanangu, liko jambo nililomwambia mama yako, naye akanikataza nisiwaambie ninyi, maana alisema mioyo yenu imekwisha kupona. Sasa mama yako amekufa, na mimi nami ninakaribia. Baba yako alionekana. Majuma mawili yalikuwa yamepita. Maji yalimpeleka ng'ambo, na wanawake wa huko walimwona. Waliona rozari shingoni mwake, wakajua ni mkristu. Walimwosha, wakamfunika kwa kitambaa chao, na katekista wao akasali sala za wafu. Wachuuzi waliokuja baadaye ndio walioniletea hii.” Akafungua ncha ya kitambaa chake, akatoa rozari ya mbegu, nyuzi zake zimeoza, msalaba wake umeinama.

Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili. Alilia, lakini si kilio cha mtu aliyefiwa leo. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo aliouchukua tangu utoto. Alipokwisha kulia aliuliza neno moja: “Walimwimbia?” Shangazi akajibu: “Ndiyo, waliniambia walimwimbia.”

Kesho yake tulikwenda misioni ya Kashofu, tukaomba Misa takatifu kwa ajili ya marehemu. Watoto wetu walisikia jina la babu yao likitajwa altareni kwa mara ya kwanza. Tulimwombea yeye, tukawaombea pia wanawake wale wa ng'ambo tusiowajua majina, ambao walimzika mgeni kama ndugu yao. Kuzika wafu ni tendo moja la huruma katika yale saba ya mwili. Kati ya nchi mbili zilizotazamana kwa mashaka miaka mingi, wao walilitenda bila kuuliza mtu huyu ni wa taifa gani.

Kabla ya kuondoka tulitembelea mahali pa kuoshea kahawa. Baada ya mwaka wa 2010 wakulima wa Idjwi walianza kujiunga katika vyama vya ushirika, ili waoshe kahawa yao wenyewe na kuiuza kwa wanunuzi wa mbali, mchana na kwa hesabu iliyoandikwa. Tuliwaona wanawake wakichagua mbegu juu ya vichanja, mbegu kwa mbegu. Mke wangu alisimama kati yao muda mrefu. Kisha alimwambia binti yetu: “Kama baba yangu angalipata mahali kama hapa, angalizeeka.”

Maneno kwa wazazi na kwa wanafunzi

Wenzangu wazazi, si kila mke ana hadithi ya huzuni namna hii. Lakini kila mke ana chemchemi yake, njia yake ya shule na jina lake la utotoni. Mume anayetoa ng'ombe za mahari na asiyetaka kuijua nchi mke wake alikotoka amefanana na mtu aliyenunua kitabu akakifungua katikati. Jiwekeeni fedha kidogo kidogo tangu mavuno. Chagueni wakati wa kiangazi, njia ni kavu na watoto wako likizoni. Mkipita ziwani, ikataeni boti iliyojaa kupita kiasi, hata kama nauli yake ni nafuu, na subirini nyingine. Msiende mikono mitupu. Sabuni, chumvi na sukari ni zawadi zinazopokewa kwa furaha katika kila nyumba ya wazee. Nanyi waume, mkifika huko, nyamazeni kidogo. Siku hizo ni za mama, aongoze yeye.

Nanyi wanafunzi, chukueni daftari. Andikeni majina ya wazazi wa mama yenu, mlima walikozaliwa, na mahali walipozikwa. Msingoje mpaka mwalimu awape kazi hiyo. Mkumbuka kwao si mtumwa, ndivyo walivyosema wahenga, na kwao mtoto ni pande mbili.

Shangazi yule alifariki mwaka uliofuata, wa 2024, amekwisha kupokea Sakramenti takatifu. Kama tungalingoja likizo moja tu zaidi, rozari ile ingalizikwa pamoja naye katika ncha ya kitambaa, na watoto wetu wangaliendelea kudhani ya kuwa mama yao anawaogopesha bure. Basi, wasomaji wapenzi, wazee wa upande wa mama waliobaki kwenu ni wangapi? Wahesabuni leo, mkawatembelee wangali hai.