Transista Iliyozikwa Ndani ya Ubao

Msafiri afikaye Nkololo, wilayani Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, huingia katika nchi ya pamba na ya jua kali. Jua hilo ni neema, kwani paneli iliyowekwa juu ya paa huligeuza kuwa umeme. Lakini jua hilo hilo hulichoma bati, na chumba kilicho chini yake huwa kama tanuri. Mara nyingi ndani ya chumba hicho ndimo kilimowekwa chombo kinachoitwa inveta. Je, chombo hicho huhimilije joto hilo?

Paneli hutoa mkondo mnyoofu, hali mashine nyingi hutaka mkondo geu. Kazi ya kuugeuza hufanywa na transista za nguvu zilizomo katika inveta. Hizi ni vipande vyembamba vya silikoni ambavyo hufunga na kufungua njia ya umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Njia inapokuwa wazi kwa mkondo, ukinzani mdogo uliobaki hupoteza nishati. Tena, kila transista inapobadili hali, kuna kitambo kifupi sana ambapo volti na mkondo huwapo pamoja. Hasara zote hizo huishia kuwa joto.

Tufanye hesabu nyepesi. Joto la kipande ni sawa na joto la hewa, pamoja na nguvu inayopotea mara ukinzani wa joto. Tuseme hewa ndani ya sanduku la inveta ina nyuzi 45 za sentigredi, transista inapoteza wati 40, na ukinzani wa joto ni nyuzi 2.5 kwa kila wati. Jibu ni 45 + (40 × 2.5), yaani nyuzi 145. Transista nyingi za silikoni hazipaswi kupita nyuzi 150 au 175. Basi yetu imefika ukingoni. Ikiwa ukinzani wa joto utapunguzwa kuwa 1.5, kipande kitakuwa na nyuzi 105 tu. Hewa ni ile ile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni njia ya joto.

Katika utaratibu wa kawaida, kipande hufunikwa kwa plastiki, huunganishwa kwa nyaya nyembamba, mara nyingi za alumini, kisha hulehemiwa juu ya ubao wa saketi. Ubao huo umetengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ubao huo. Aidha, ubao wa kawaida huanza kulegea ufikapo nyuzi 130 hivi.

Ndiyo maana wahandisi wamebuni njia nyingine, nayo ni kukizika kipande ndani ya ubao wenyewe. Kipande huwekwa juu ya bamba la shaba, hufunikwa kwa matabaka ya nyuzi za kioo na gundi inayostahimili joto, na vyote hushindiliwa pamoja kwa moto. Kisha mwali wa leza hutoboa matundu madogo hadi kwenye uso wa kipande, na matundu hayo hujazwa shaba. Nyaya hazihitajiki tena. Joto hupata njia pana ya kutokea, na kwa kuwa njia ya umeme ni fupi, miruko ya volti wakati wa kukata mkondo hupungua. Mwaka 2023 kampuni mbili za Ujerumani, Infineon na Schweizer, zilitangaza kwamba zinashirikiana kuzika vipande vya kabidi ya silikoni kwa ajili ya magari ya umeme.

Hata hivyo, kila dawa ina uchungu wake. Silikoni yenye urefu wa milimita 10, ikipashwa nyuzi 100 zaidi, hurefuka mikroni 3 hivi; shaba ya urefu huo hurefuka mikroni 17. Kuvutana huko, kila siku asubuhi na jioni, huweza kuutia ubao nyufa.

Uko pia uchungu wa pili, nao unatuhusu sisi zaidi. Transista iliyo juu ya ubao ikiungua, fundi wa kijijini huitoa kwa kifaa chake cha kulehemu na kuweka nyingine. Iliyozikwa haitoki; ubao mzima hutupwa. Zahanati iliyo mbali na mji haina budi kupima lipi ni bora: chombo kisichoharibika upesi, au chombo kinachotengenezeka.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Chukua ukanda wa shaba, na kipande cha ubao wa redio mbovu kisicho na shaba, vyote viwe na urefu na unene mmoja. Dondoshea nta kwenye ncha ya juu ya kila kimoja, kisha tumbukiza ncha za chini katika maji ya moto. Wanafunzi waangalie ni nta ipi itakayolegea kwanza, nao wataeleza wenyewe kwa nini transista huzungukwa na shaba.