Je, Mwisho Mwema Ndio Mwisho wa Kikristo?

Watoto wetu wana msemo wao mbele ya televisheni na katika vibanda vya video: staringi hafi. Risasi zitamkosa, mto utamtupa ufukweni akiwa hai, na kabla majina ya waigizaji hayajapita atakuwa amempata aliyekuwa akimtafuta. Sisi wakubwa tulilelewa na jambo lilo hilo kwa sura nyingine, kwa kuwa ngano za bibi zilimalizika kwa harusi na watu kuishi raha mustarehe. Si ajabu basi kwamba filamu inapomalizika kwa huzuni katika ukumbi wa parokia, minong'ono husikika: mbona hatukuoneshwa kitu cha kutia moyo? Nyuma ya nung'uniko hilo kuna dhana inayofaa kuchunguzwa, yaani kwamba Mkristo, akiwa mtu wa matumaini, hana budi kupenda hadithi zenye mwisho mwema na kuziepuka nyingine.

Dhana hiyo ina historia, na Wakatoliki wana sehemu yao ndani yake. Mwaka 1930 wenye kampuni za filamu nchini Marekani walikubali kanuni za maadili zilizotayarishwa na Padre Daniel Lord, Mjesuiti, pamoja na Martin Quigley, mlei aliyechapisha magazeti ya biashara ya sinema. Kuanzia 1934 zilisimamiwa kwa ukali na Joseph Breen, naye Mkatoliki. Kanuni zilitaka huruma ya mtazamaji isielekezwe kamwe upande wa uhalifu na dhambi. Kwa vitendo, mwovu alipaswa kuadhibiwa kabla filamu haijaisha. Nia ilikuwa njema, na Papa Pio XI, katika Waraka wake Vigilanti Cura wa mwaka 1936, aliwasifu maaskofu wa nchi hiyo kwa juhudi zao za kulinda maadili ya watazamaji.

Lakini kanuni ikigeuzwa kuwa mashine huzaa mambo ya ajabu. Mwandishi William March alitoa mwaka 1954 riwaya iitwayo The Bad Seed, juu ya msichana mdogo mwenye adabu za kupendeza ambaye ni muuaji. Katika riwaya mama anakufa na mtoto anabaki hai, huku watu wakimwonea huruma. Filamu ya mwaka 1956 haikuweza kuishia hapo: mama akaponywa, na mtoto akapigwa na radi. Haki imetendeka, ila kwa radi iliyoagizwa na ofisi! Mtazamaji aliyekuwa ameanza kuogopa jinsi uovu unavyoweza kujificha nyuma ya uso mzuri anarudi nyumbani ametulia, na utulivu huo haukumsaidia kitu.

Sasa tutazame jambo ambalo waamini wengi hawalijui. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani kidini, kimaadili au kisanaa. Anayeifungua akitarajia mfululizo wa miisho ya furaha atashangaa. Imo The Mission ya mwaka 1986, ambamo Padre Gabriel anatembea na Ekaristi Takatifu mikononi, katikati ya Waguarani wake, hadi risasi zinapomwangusha, na wanaosalia ni watoto wachache wanaopanda mtumbwi na kwenda zao. Imo pia filamu ya Kiitalia ya Vittorio De Sica, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya mwaka 1948, ambayo tungependa kukaa nayo kidogo.

Mjini Roma, baada ya vita, Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe anapeleka mashuka ya kitanda yawe rehani badala yake. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Antonio na mwanawe Bruno wanazunguka mji mzima wakiitafuta na hawaipati. Mwishowe baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, na anadhalilishwa mbele ya mtoto wake. Mwenye mali anamwona mtoto analia, anamwachilia. Baba anatembea katikati ya umati akilia, na Bruno anamshika mkono. Hapo filamu inaisha: hakuna baiskeli wala kazi, na kesho haijulikani. Ni vema kukumbuka kwamba jina la filamu liko katika wingi, na mwizi wa pili ni yule tuliyekuwa tukimwombea heri tangu mwanzo. Mkono ule wa mtoto haurudishi kilichopotea, lakini umesamehe. Na tunathubutu kusema kwamba una Injili ndani yake kuliko radi ile.

Hatusemi kwamba huzuni ni bora kuliko furaha. Katika orodha hiyohiyo imo It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, na hakuna atakayeidharau furaha ya mkesha ule wa Noeli, majirani wanapojaza meza fedha zao ili kumwokoa George Bailey. Hata hivyo, dola 8,000 zilizopotea zimebaki kwa tajiri Potter, na hakuna anayemkamata. Furaha ile ni ya kweli kwa sababu haijifanyi kwamba kila kitu kimenyooka.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili tunazo njia zote mbili. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, anawarudisha ndugu waliogeuzwa nyani katika ubinadamu wao, na aliyetendewa uovu anawasamehe. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alifuata njia nyingine. Riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971, yenye jina litokanalo na Litania ya Bikira Maria, inamalizika kwa binti kujiua, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Wengi waliona kitabu cha aibu. Sisi tunaona humo kitabu ambacho kila mzazi mkali angepaswa kukisoma hadi ukurasa wa mwisho, kwa kuwa kinauliza ni kosa la nani, la binti au la baba aliyemlea kwa fimbo na hofu. Kama Rosa angeolewa na kuishi raha mustarehe, swali hilo lingezikwa harusini.

Jambo hili linagusa imani yetu kwa karibu. Katika mikutano ya sala tumezoea shuhuda ambazo kila mgonjwa alipona na kila deni lililipwa. Anakaa pale mama ambaye mtoto wake hakupona, anapiga makofi pamoja na wengine, na moyoni anajiuliza kama sala yake ilikuwa na kasoro. Masikio yaliyozoea mwisho wa aina moja hayana nafasi kwa mama huyu. Maandiko Matakatifu yanayo. Mwishoni mwa kitabu chake Yobu anapata kondoo 14,000, ngamia 6,000, na watoto wengine kumi; lakini wale kumi waliofunikwa na nyumba hawarudi, na mwandishi mtakatifu hasemi kwamba walisahauliwa. Injili ya Marko, katika nakala za kale kabisa, inakoma katika 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu bila kumwambia mtu yeyote. Kanisa linazipokea aya zinazofuata kuwa Maandiko Matakatifu, na halikuifuta hofu ile iliyozitangulia.

J.R.R. Tolkien, Mkatoliki aliyeandika The Lord of the Rings, alilieleza hili katika mhadhara wa mwaka 1939 huko Scotland. Aliusifu mwisho mwema wa ngano, ule mgeuko wa ghafla kuelekea furaha, na akaona mfano wake mkuu katika Ufufuko. Lakini alisisitiza kwamba mgeuko huo haukani kuwapo kwa huzuni na kushindwa. Kwa hiyo Frodo wake anarudi nyumbani baada ya ushindi akiwa na jeraha lisilopona, na hawezi tena kuifurahia nchi aliyoiokoa.

Kwa viongozi wa vijana na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaopanga kuonesha filamu: Wezi wa Baiskeli huchukua takriban saa moja na nusu. Tengeni muda kama huo kwa mazungumzo, msiwashe taa upesi, na msianze kwa kuuliza filamu inatufundisha nini. Ulizeni kwanza Bruno atamwambia nini mama yake jioni hiyo.