Ndege Ipitapo, Mtoto Husikia Nini?

Mwalimu yeyote aliyefundisha Kakamega anaijua saa ile ya alasiri ambapo mvua huanza kupiga mabati. Hunyamaza. Huandika ubaoni alichokuwa akikisema, au hufunga kitabu na kungoja. Hakuna amlaumuye, maana mvua ni ya Mungu, na sisi tunaoishi jirani na msitu tumeizoea, hata ile ya mawe.

Kelele ya ndege ni jambo jingine. Hiyo imepangwa na watu, ina saa zake na njia yake angani, na kwa hiyo yaweza kupangwa vingine. Nalisema hili mapema kwa kuwa Kakamega ina uwanja mdogo wa ndege, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 wito wa kuupanua umesikika mara kwa mara. Sina ugomvi na wito huo. Ninachouliza ni habari ya madarasa yatakayojikuta chini ya njia ya ndege kubwa.

Aghalabu malalamiko ya wakazi wa karibu na viwanja vya ndege huhusu usingizi, na ni malalamiko ya haki. Lakini mtu wa isimu huanza kwingine. Katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu. Konsonanti kama f, s, th na h ni pumzi tu, nazo ndizo za kwanza kumezwa na mvumo. Mtamkie mtoto thamani, samani na zamani wakati injini inanguruma, kisha umwulize umesema lipi. Neno limefika, ila mwanzo wake haukufika. Ubaya zaidi ni kwamba Kiswahili kimeubebesha mwanzo wa neno mzigo mkubwa. Atakuja na hatakuja hutenganishwa na h moja, sauti dhaifu, nayo ndiyo inayogeuza ndiyo kuwa siyo.

Niliwahi kumkagua mwalimu mwanafunzi katika shule moja iliyo karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa akisoma imla. Alipofika kwenye sentensi "Mgeni hatafika leo", ndege ikapita juu ya paa. Kijana wa watu akapaza sauti, kama tufanyavyo sote. Nilipozunguka kutazama madaftari, nilikuta wageni wengi wamefika. Alama zilikatwa, na makosa yakahesabiwa kuwa ya wanafunzi. Mimi mwenyewe sikusema neno siku ile, na jambo hilo linanisumbua hadi leo. Kupaza sauti hakukumsaidia, kwa sababu mtu anapopiga kelele huzidisha nguvu ya irabu, ilhali konsonanti hubaki nyuma.

Mtu mzima anayesikiliza lugha yake ya mama hujaza pengo bila kujua. Akikosa silabi, mazoea humpa. Mtoto wa Ikolomani au Shinyalu aliyekuja shuleni na Lwidakho au Lwisukha hana akiba hiyo katika Kiswahili, seuze Kiingereza. Ndiyo kwanza anazikusanya hizo silabi. Uchunguzi wa usikivu umeonyesha tena na tena kwamba msikilizaji wa lugha ya pili huathiriwa na kelele kuliko mzawa wa lugha, hata kama kwenye utulivu wanaelewa sawasawa. Kwa hiyo kelele ileile inayomuudhi mtoto wa London humpokonya wetu zaidi.

Na huyo wa London naye hakusalimika. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10, waliosoma karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas. Kadiri kelele ya ndege ilivyozidi, ndivyo ufahamu wao wa kusoma ulivyopungua. Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa Munich, Ujerumani. Huko uwanja wa zamani ulifungwa mwaka 1992 na mpya ukafunguliwa kwingine, na watafiti wakawapima watoto wa pande zote mbili, kabla na baada. Waliohamiwa na kelele walirudi nyuma katika kusoma na kukumbuka. Walioondokewa nayo wakapata nafuu. Maana yake ni kwamba madhara hayo hayakuwa ya kudumu, na hakuna haja ya kumwita mtoto mzito wa kichwa.

Hapa kwetu, Wilson ni kielelezo cha kutosha. Uwanja huo ulianza miaka ya 1930 ukiwa nje ya mji. Leo Nairobi West, South C na Lang'ata zimeukumbatia. Wapo wasemao kwamba mwenye kujenga karibu na uwanja amejitakia mwenyewe. Huenda hoja hiyo inamfaa mwenye nyumba. Mwanafunzi wa darasa la tatu hakununua kiwanja.

Kakamega bado ina nafasi ya kutangulia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inavitaja viwanja vya ndege miongoni mwa miradi inayopaswa kufanyiwa tathmini kabla ya kuanza, na zipo kanuni za kelele za mwaka 2009. Walimu wadai kelele ipimwe ndani ya darasa, madirisha yakiwa wazi kama yalivyo siku zote, si kando ya barabara ya kurukia peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele darasani wakati wa masomo isizidi desibeli 35. Chini ya mabati yasiyo na dari, kiwango hicho ni kigumu hata bila ndege. Kwa hiyo gharama ya dari iingizwe katika hesabu ya uwanja, wala isiachiwe wazazi.

Na wakiitwa kutoa maoni, walimu waende na daftari lenye tarehe, saa, na dakika ambazo somo lilisimama. Waanze kuliandika sasa, wakati ndege zingali ndogo, ili baadaye pawe na kitu cha kulinganisha.