Neema haipimwi kwa mizani

Ndugu zangu, huku Kahama na Geita dhahabu hupimwa kwa mizani, lakini neema ya Mungu haina bei. Walutheri wameshikilia hilo tangu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530: mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema, kwa imani katika Kristo, si kwa matendo yake. Kwao, imani sahihi husimama au huanguka hapo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya fundisho hilo. Bado hatushiriki meza moja ya Ekaristi, lakini Kanuni ya Imani ya Nikea tunaikiri sote.

Je, Jumapili tunasali “Nasadiki”, Jumatatu tunakwenda kwa mganga kutafuta bahati ya duara? Kanda hii imezika ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Imani inayonunua bahati, iwe kwa mganga au kwa mhubiri anayeuza mafuta, si ya Kikatoliki wala ya Kilutheri. Anayejua amepewa bure hamwagi damu ya jirani ili apate. Jumapili njema.