Lovanium 1964: nani anakaa kwenye kiti, na analipwa ngapi?

Mwezi wa tatu mwaka 1964, wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu kilichojengwa juu ya kilima pembeni ya Léopoldville, waliacha masomo na kugoma. Inchi ilikuwa na uhuru wa karibu miaka ine. Bendera ilikuwa yetu, bunge letu, waziri mkuu wetu. Lakini pale kilimani rekta alikuwa Mbelgiji, maprofesa karibu wote walikuwa Wazungu, na neno la mwisho juu ya mambo ya chuo lilitoka kwa Wabelgiji.

Wanafunzi walitaka nao waketi katika halmashauri za uongozi. Walitaka Waafrika wapandishwe katika ualimu, wasibaki paka wasaidizi. Walitaka masomo yaitazame Afrika, si Ulaya peke yake. Tena walitaka wakae vizuri zaidi katika nyumba zao za kulala, jambo ambalo wakubwa wengi hulicheka, lakini mutu wa kazi anajua kwamba mgomo mara nyingi unaanzia kwenye sahani na kitanda.

Mutatuuliza: sisi watu wa Kolwezi, wa shimo na wa kiwanda, habari ya Lovanium inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu batoto wetu wako mashuleni, na wanapotoka wanakuja kuomba kazi hapa hapa. Inatuhusu pia kwa sababu ulizo la wale wanafunzi halikuzaliwa Lovanium. Lilikuwa limekwisha kuulizwa huku Katanga, katika kazi ya shaba, na watu ambao hawakuvuka mlango wa chuo kikuu hata siku moja.

Turudi nyuma mpaka mwezi wa 12 mwaka 1941. Ilikuwa wakati wa vita ya Ulaya. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi iliongezwa, vitu vilipanda bei sokoni. Wazungu wa Union Minière walikuwa wanadai nyongeza, na wafanyakazi weusi wakaona: kama muzungu anaomba, na shiye je? Wakasimamisha kazi. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira kule Élisabethville, gavana wa jimbo mwenyewe akaja kusema nao, na mwisho askari wakapiga risasi juu ya watu. Waliokufa walikuwa makumi. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Wazee wetu wengi wanajua jina lake. Vijana wengi hawalijui, na kwa hilo hatuwalaumu, maana shuleni hawafundishwi.

Walichodai watu wa 1941 kilikuwa usawa, hata kama hawakutumia neno lile. Katika Union Minière kulikuwa vitabu viwili. Muzungu aliandikwa katika kitabu cha maajenti, na mweusi katika kile cha "main-d'œuvre indigène". Huyu alipewa nyumba mjini, yule nyumba ya kampi. Huyu alipewa mshahara, yule alipewa mshahara mdogo na posho ya unga kwa wiki. Ni kweli kwamba kampi ilikuwa na hospitali na shule, na wazee wetu wanazikumbuka kwa mapenzi, hasa wakitazama hali ya leo. Lakini shule ile ilikuwa na dari. Ilitoa fundi, ilitoa karani, ilitoa kapita. Injinia haikumutoa.

Hii ndiyo sababu mwaka 1960, siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, tusipohesabu mapadri. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu, chini ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Kile cha serikali kilifunguliwa mwaka 1956 huku kwetu, Élisabethville, ndicho babu wa UNILU ya leo, na mwanzoni wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa Wazungu. Mwana wa mfanyakazi wa shaba aliweza kupita mbele ya mlango kila siku bila kujua ndani kunafanywa nini.

Hapa tuongeze jambo moja ambalo watu wa madini hawataki kulisahau. Lovanium ilikuwa na mashine ya nyuklia, ya kwanza katika Afrika nzima, iliyowashwa mwaka 1959. Ilitoka Marekani. Rekta Mgr Luc Gillon, aliyekuwa mwenyewe mutu wa fizikia, aliipata kwa sababu Kongo ndiyo iliyotoa uraniamu ya mabomu ya Wamarekani. Na uraniamu hiyo ilitoka wapi? Shinkolobwe, upande wa Likasi. Baba zetu waliichimba kwa mikono yao. Katika vyumba vya mashine ile, waliotoa amri walikuwa Wazungu.

Haki isemwe: Lovanium ilipokea wanafunzi weusi na weupe katika darasa moja tangu mwanzo, wakati ambapo mijini mengi yalikuwa yametenganishwa kwa rangi. Wenye chuo walijivunia hilo. Lakini kuna usawa wa benchi na kuna usawa wa kiti cha mbele. Kijana mweusi alikaribishwa kwenye benchi. Kwenye kiti cha mbele, njo pale mambo yalikuwa magumu.

Mfano mzuri ni kijana mmoja wa huku kwetu. Tharcisse Tshibangu alizaliwa Kipushi mwaka 1933, muji wa shimo la Union Minière. Akawa padri na mwanafunzi wa teolojia Lovanium. Mwanzo wa mwaka 1960, mbele ya watu, alibishana na mkuu wa kitivo chake, padri Alfred Vanneste. Tshibangu alisema kwamba Waafrika wanaweza kuwa na teolojia yao, yenye kutoka katika fikira zao. Vanneste alijibu kwamba teolojia ni ya watu wote, haiwezi kupewa rangi wala bara. Mabishano yale yalichapwa katika gazeti la mapadri, na hadi leo yanasomwa katika seminari. Kwa sisi tusiosoma teolojia, jambo la kutazama ni hili: mwanafunzi alisimama mbele ya profesa wake, muzungu, akamwambia hapana, tena kwa heshima na kwa hoja.

Kwa hiyo mgomo wa 1964 haukuanguka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1961 wanafunzi walikuwa na umoja wao wa inchi nzima, UGEC, uliodai vyuo vikuu viwe vya Kikongo kweli. Kule Lovanium walirudi darasani baada ya siku kadhaa, wakiwa na ahadi mikononi. Ahadi zilitembea polepole. Mwaka 1967 rekta Gillon aliondoka, na kiti chake akapewa nani? Yule kijana wa Kipushi. Mgr Tshibangu alikuwa Mkongo wa kwanza kuiongoza Lovanium, miaka saba tu baada ya mabishano na mkuu wake.

Mwaka ule ule wa 1967, Union Minière nayo ilichukuliwa na serikali, ikawa kampuni tunayoiita leo Gécamines. Basi kwa mwaka mmoja kiti cha chuo na kiti cha shaba vyote viwili vilibadilisha mwenyewe. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini upande wa shaba, serikali ilifanya mapatano na kampuni nyingine ya Kibelgiji iendelee kushika ufundi na uuzaji wa madini. Mabango yalibadilishwa, lakini ofisini sura nyingi zilibaki zile zile.

Na upande wa chuo? Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi walishuka mjini Kinshasa kudai bursi iongezwe na sauti yao isikiwe. Waliona pia mishahara mikubwa ya wanasiasa wakati wao wanalala na njaa. Askari wakawapiga risasi. Serikali ilitangaza wafu sita. Wanafunzi walisema walikuwa wengi zaidi sana, na familia hazikupewa maiti zizike. Viongozi wa wanafunzi walipewa vifungo virefu, kisha wakasamehewa. Mwaka 1971, wenzao walipofanya ukumbusho wa wafu wale, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Baada ya hapo vyuo vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vilichanganywa kuwa kimoja, UNAZA, mpaka mwaka 1981. (Mambo ya Lubumbashi ya mwezi wa 5 mwaka 1990 hatuyagusi hapa, yale yanataka ukurasa wake.)

Tuseme wazi tunavyoona. Wanafunzi wa 1964 walikuwa na haki kutaka Mwafrika kwenye kiti. Walipata. Lakini risasi za 1969 hazikupigwa na muzungu, zilipigwa na askari wa Kikongo kwa amri ya serikali ya Kikongo. Rangi ya aliyekaa ilibadilika. Uwezo wa walio chini kuuliza "kwa nini sisi tunapata hivi?" haukubadilika sana, na pengine ulipungua. Watu wengine wanatoa hapa fundisho kwamba usawa wa rangi ni maneno ya bule. Hatukubali. Tunasema tu kwamba lile lilikuwa nusu ya dai, na nusu ya pili ilikuwa ile ya Mpoyi: kazi moja, malipo gani?

Nusu hiyo ya pili wanafunzi wengine waliikumbuka, mbali na hapa, lakini katika jambo linalotugusa. Mwezi wa 3 mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, mwanafunzi mmoja alimwaga mavi juu ya sanamu ya Cecil Rhodes. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 mwezi wa 4, sanamu iliondolewa. Rhodes ndiye yule aliyetaka kuitia Katanga katika mali ya Waingereza. Wajumbe wa upande wake walifika Bunkeya mwaka 1890, mfalme Msiri akakataa kutia sahihi. Mwaka uliofuata Msiri aliuawa na watu wa mfalme Léopold. Lakini rafiki wa Rhodes, Robert Williams, alipata ruhusa ya kutafuta madini huku, na kampuni yake ikawa moja ya wale walioanzisha Union Minière mwaka 1906. Upande wa Angola wa reli ya kwenda Lobito, inayopita Kolwezi na Dilolo, ni kazi ya Williams huyo. Kwa hiyo sanamu ile ya Cape Town ilikuwa ya mutu aliyeitamani ardhi tunayolala juu yake.

Wanafunzi wa kule hawakuishia kwenye sanamu. Walidai maprofesa weusi, walidai masomo yabadilishwe, na mwezi wa 10 mwaka ule, katika inchi nzima, walikataa minervali isipandishwe. Rais Zuma alilazimika kutangaza kwamba mwaka 2016 haitapanda. Tena walisimama pamoja na watu wa kufagia, wa kupika na wa kulinda, ambao chuo kilikuwa kinawatumia kupitia makampuni ya kukodisha wafanyakazi. Walisema: mutu anafagia chuo miaka kumi, na chuo kinasema hakimujui. Mwezi ule ule wa 10 chuo kilikubali kuwachukua wale wafanyakazi kuwa wake.

Hapo ndipo tunasikia Kolwezi. Sutretansi tunaijua wote. Katika mitaa yetu, kutoka Musonoi mpaka Manika, malalamiko ni yale yale: kijana amemaliza masomo, anaingia kazini kupitia kampuni ndogo, kwa kontra ya miezi michache, na pembeni yake kuna mugeni anayefanya kazi inayofanana, mwenye mshahara ambao yeye haambiwi. "Diploma yake iko ku kabati, ye mwenyewe iko ku barieri," ni neno la wazazi wengi hapa.

Sheria zipo. Ile ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 inasema sutretansi ni ya makampuni yenye mali ya Wakongo. Ni jambo jema. Lakini angalieni vizuri: inagusa hasa nani ni mwenye kampuni, yaani kiti. Aliye chini anaangaliwa na sheria nyingine, Code du travail ya mwaka 2002, inayosema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi sawa na mazao sawa, mshahara ni sawa kwa wote, bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Mwenye kuidai anahitaji karatasi: kontra, karatasi ya mshahara ya kila mwezi, diploma, na maelezo ya kazi anayoifanya kweli. Bila hizo, hata mkaguzi wa kazi na mutu wa sindika watasikiliza tu na kusikitika. Na wanafunzi wa Kolwezi wanaojifunza madini, wanaodai leo kupokelewa kwa mafunzo ya kazi, wangefanya vema kuuliza jambo moja zaidi: kesho, kontra itaandikwa na nani?

Ba tata na ba mama, wazee mliosoma Lovanium ao Élisabethville miaka ile, ao ambao baba zenu walikuwa kazini mwaka 1941: kama muko na kitabu cha kazi cha Union Minière, barua ya shule, ao picha ya mgomo, leteni nakala ofisini kwetu. Asili mubaki nayo nyumbani. Tutaandika majina ya wale tu wanaokubali.