Kuziba kwa msasa

Kuziba kwa msasa ni hali inayotokea wakati vumbi la mbao linaponasa katikati ya chembe kali za karatasi ya msasa na kuzifunika, hata msasa ukaacha kukwangua. Hutokea hasa katika mbao zenye mafuta au utomvu mwingi, kama vile msaji au mtiki (Tectona grandis), mpingo (Dalbergia melanoxylon) na kokobolo ya Amerika ya Kati (Dalbergia retusa). Mbao hizo ni za bei kubwa, na msasa ulioziba unaweza kuziharibu katika hatua ya mwisho ya kazi.

Kwa Kiswahili, msasa ni pia jina la mti Ficus exasperata, ambao majani yake yanakwaruza na hutumiwa kusugulia mbao.

Sababu

Karatasi ya msasa ina chembe ngumu zilizobandikwa kwa gundi. Kila chembe hukata mbao kidogo, na nafasi iliyo kati ya chembe hupokea vumbi. Katika mbao kavu za kawaida vumbi hilo hudondoka lenyewe. Katika mbao zenye mafuta huganda, kwa sababu msuguano huleta joto, nalo joto hulainisha mafuta na utomvu. Vumbi likipoa hugeuka kuwa madoa magumu yanayong'aa juu ya msasa.

Fundi akiona msasa haukati, mara nyingi huukandamiza zaidi. Kufanya hivyo huongeza joto, na joto huongeza kuziba. Msasa wa namna hiyo haukwangui tena bali husugua tu: huacha mistari na alama za kuungua, na hung'arisha uso wa mbao kiasi kwamba rangi ya mbao au mafuta ya kumalizia hayapenyi sawasawa.

Kuchagua msasa

Misasa hutofautiana kwa wingi wa chembe. Kuna misasa iliyojaa chembe uso mzima, na kuna ile ambayo chembe zimeachiana nafasi, zikifunika takriban 50 hadi 70 kwa mia ya uso. Aina ya pili hufaa zaidi kwa mbao zenye mafuta kwa kuwa vumbi hupata pa kutokea. Baadhi ya misasa hupakwa pia stiareti ya zinki au ya kalisi, unga laini unaofanana na sabuni kavu ambao huzuia vumbi kushika. Ipo pia misasa ya wavu, yenye matundu ambayo mashine hufyonza vumbi kupitia humo.

Namba ya msasa huonyesha ukubwa wa chembe: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Msasa laini huziba upesi kuliko ule mkali. Kwa hiyo kazi huanzwa kwa namba ndogo kama 80 au 120, kisha 150, 180 na 220, bila kuruka hatua.

Namna ya kufanya kazi

Njia ya kwanza ni kupunguza kazi ya msasa wenyewe. Randa yenye makali au bamba la chuma la kukwangulia hulainisha mbao bila kuleta vumbi laini, na msasa hubaki wa kumalizia tu. Msaji una silika inayomaliza makali haraka, hivyo vyombo hunolewa mara kwa mara.

Anayetumia mashine huipunguza kasi, huiacha ilale kwa uzito wake na kuisogeza bila kusimama mahali pamoja. Kufyonza vumbi wakati wa kazi husaidia sana. Msasa wa mashine unaoanza kuziba husafishwa kwa kuugusisha, ukiwa unazunguka, kwenye kipande cha mpira laini wa asili, ambao hung'oa vumbi lililoganda. Msasa wa mkono hupigwa kwa brashi ngumu.

Mafundi wengine hufuta uso wa mbao kwa asetoni au spiriti. Njia hii huondoa mafuta ya juu kwa muda mfupi tu, kwani mengine hutoka ndani ya mbao. Kwa hatua za mwisho hutumika msasa usioharibiwa na maji, wa namba 320 au zaidi, pamoja na mafuta ya kumalizia. Hapo vumbi huelea kwenye mafuta na kufutwa kwa kitambaa.

Usalama

Vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la msaji na la jamii ya mpingo huweza pia kuwasha ngozi, macho na njia ya hewa. Fundi huhitaji barakoa ya kuzuia vumbi, miwani na mahali penye hewa ya kutosha.

Asetoni na spiriti hushika moto kwa urahisi, hivyo mbao huachwa zikauke kabisa kabla ya mashine kuwashwa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Huanikwa nje vikiwa vimekunjuliwa, au hutiwa katika chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa.