Uvuvi wa Usiku kwa Chambo cha Juu ya Maji: Unafaa Mto Gani?



Wazazi wa visiwani wametuuliza suala ambalo zamani halikuwepo. Kijana ametazama kwenye simu video za watu waliosimama ukingoni mwa mto usiku. Wanarusha kisamaki cha plastiki kinachoelea, wanakivuta polepole, mara maji yanapasuka kwa kishindo na samaki mkubwa anatolewa. Kijana naye amenunua ufito, mshipi na chambo kama hicho. Visiwa vyetu havina mto wa kumfaa, kwa hiyo anataka kwenda kwa jamaa zake bara, Rufiji kwa wa Mafia na Unguja, au Tana kwa wa Lamu, akajaribu huko. Mzazi anauliza kama uvuvi huu ni halali, na samaki wake kama analiwa.

Jibu la hilo ni jepesi na tutalifikia. Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo hatukuulizwa, nalo ndilo tutakaloanza nalo, kwa sababu linahusu roho ya kijana mwenyewe.

Chambo bandia si kigeni kwetu. Wavuvi wetu wanaorambaza nguru na jodari wanavuta nyuma ya chombo kitu chenye kung'aa ambacho si samaki, na samaki anakifuata. Tofauti ya hiki cha mtoni ni kwamba kimetengenezwa kielee na kipige kelele. Kipo chenye mabawa mawili ya bati ubavuni, kikivutwa kinatambaa juu ya maji kama mdudu aliyeanguka, kikipiga tap, tap, tap. Kipo chenye mdomo uliochimbwa kama kijiko, kila kikishtuliwa kinatema maji. Kipo cha mpira laini chenye umbo la chura, ndoana zake zimelala mgongoni ili kisinase kwenye majani. Vyote vinafanya kazi moja, kuyatikisa maji ya juu ili aliyeko chini ajue kuna kiumbe kinachohangaika.

Nyingi ya video hizo zimepigwa Australia, kwenye mito ya bonde la Murray na Darling. Huko yuko samaki anayeitwa Murray cod, mkubwa kuliko samaki wote wa nchi ile wanaoishi maji baridi tu. Aliyeandikwa kuwa mkubwa kuliko wote alivuliwa mwaka 1902 na uzito wake ulikuwa kilo 113. Mchana hujificha chini ya magogo yaliyozama. Jua likizama hutoka kuwinda, na hapo hupanda hata kumchukua bata mdogo juu ya maji. Japani nako vijana huvua usiku, wakati wa joto, kambare wa kwao aitwaye namazu, kwenye mito midogo na mifereji ya mashamba ya mpunga, kwa vyambo vya aina hiyo hiyo.

Kwa nini usiku? Samaki akitazama juu kutoka kwenye maji yenye giza, anga bado ina mwanga kidogo kuliko maji, kwa hiyo anakiona kivuli cha kinachopita. Ndiyo maana wavuvi hao wengi huchagua chambo cheusi usiku, jambo ambalo kwa asiyejua huonekana kinyume. Tena samaki ana mstari ubavuni, kuanzia nyuma ya kichwa mpaka mkiani. Mkishika changu sokoni mtauona. Kwa mstari huo anahisi mtikisiko wa maji hata asipoona kitu. Kambare anaongezea sharubu zake, ambazo zinaonja na kupapasa. Kwa hiyo mvuvi wa usiku anavuta polepole sana, kwa mwendo mmoja usiobadilika, ili samaki aweze kukifuata kile kitikisiko mpaka akifikie.

Wanaoujua uvuvi huu wana adabu zake. Hawamuliki maji kwa tochi, kwani mwanga wa ghafla humfukuza samaki. Taa huvaliwa kichwani na huwashwa kwa kufunga fundo au kumtoa samaki ndoana. Wakisikia kishindo hawavuti hapo hapo, husubiri mpaka wahisi uzito kwenye mshipi. Anayevuta kwa sababu ya sauti, na samaki amekosa, chambo chenye ndoana za matatu matatu humrukia usoni gizani. Kwa hilo huvaa miwani hata usiku.

Serikali zao nazo zina masharti. Katika mito ya majimbo ya Victoria na New South Wales hairuhusiwi kumvua samaki huyu kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Novemba, kwani ndio wakati wa kuzaa, na dume hukaa akiyalinda mayai. Wakati mwingine wote, anayechukuliwa lazima awe baina ya sentimita 55 na 75. Mdogo hurudishwa akue, mkubwa hurudishwa azae.

Sasa tufike kwenye uzito tuliousema. Mito ile ya kusini mwa Australia haina mamba. Ya Japani haina mamba wala kiboko. Mtu anasimama ukingoni saa nne za usiku, miguu imo majini, anapiga kelele juu ya maji kwa saa nzima, na linaloweza kumpata ni kuteleza au kuumwa na mbu. Video haikuonyeshi hilo, kwa kuwa kwa mwenyewe halina haja ya kusemwa.

Mamba ana kitu kinachofanana na ule mstari wa samaki. Tayani kwake mna vipele vidogo vidogo, na mamba wa mito yetu anavyo karibu mwili mzima. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alieleza katika jarida la Nature namna aligeta, jamaa wa mamba walioko Marekani, wanavyotumia vipele hivyo. Ndani ya giza kamili, wakiwa nusu wamezama, tone moja tu la maji likianguka waliligeukia. Vipele vilipofunikwa, hawakugeuka. Tone moja, ndugu wasomaji. Na sisi tunazungumzia chambo kilichobuniwa makusudi kutikisa maji mfululizo, kikivutwa kutoka katikati ya mto kuja moja kwa moja mpaka kwenye miguu ya mvuvi.

Hapo ndipo ilipo hatari yote. Mtikisiko ule ule unaomwita samaki unamwita na mamba, na mwisho wa njia yake amesimama mtoto wa mtu.

Waaustralia wenyewe wanalijua. Kaskazini ya nchi yao, kwenye joto, mito ina mamba wakubwa wa maji chumvi, na huko maneno hubadilika kabisa. Mamlaka za jimbo la Queensland huwaambia wavuvi wasimame angalau mita 5 kutoka ukingo wa maji, wasiache mabaki ya samaki karibu na maji, na wazidishe tahadhari usiku. Nchi ni moja na pengine chambo ni kile kile, lakini mto ni mwingine na mwenendo ni mwingine. Kijana wetu ameona video za kusini, naye anakwenda kwenye mto unaofanana na wa kaskazini.

Rufiji ina mamba, Ruvu na Wami vivyo hivyo, na Tana pia. Wenyeji hawahitaji kusomewa makala kulijua hilo, nao ndio wa kuulizwa kwanza. Pia kuna kiboko. Mchana hukaa majini, usiku hupanda kula majani, na hurudi kwa njia zake zile zile alizozizoea. Mtu aliyesimama kwenye njia hiyo, baina ya kiboko na maji, yuko mahali pabaya kuliko anavyofikiri, na kwa kuwa amezima taa ili asimfukuze samaki, hatamwona mpaka amfikie. Ndugu zetu wa Mafia wana viboko wachache kisiwani kwao, na inaaminika asili yao waliletwa na maji ya Rufiji. Hawatatushangaa kwa hili.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuwa uvuvi wa usiku wa kutoka ukingoni kwa chambo cha kelele usifanywe katika mito hiyo. Anayetaka kujaribu ufito wake aende mchana, afuatane na mvuvi wa pale, asimame juu ya ukingo ulioinuka na si kwenye mteremko wa mchanga unaoingia majini, na asirudie mahali pamoja kila siku, kwani mamba huchunguza mazoea ya watu. Samaki asisafishwe pembeni ya maji. Chambo kikinasa kwenye gogo, kikatwe. Hapa ndipo vijana wanapoponzwa, kwa sababu chambo ni ghali na gogo linaonekana liko karibu. Bei yake, iwe kubwa vipi, si ya kumwingiza mtu majini. Upande wa Tanzania akumbuke pia kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahitaji leseni, na kwamba sehemu kubwa ya Rufiji ya juu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mtu hajiendei tu na ufito wake. Afisa uvuvi wa wilaya ataeleza.

Baada ya hayo turudi kwenye swali tuliloulizwa.

Samaki wa mtoni ni halali kama wa baharini. Aya ya 96 ya Suratul Maidah imehalalisha mawindo ya bahari, na neno "bahr" katika lugha ya Kiarabu linaingiza pia maji matamu. Suratu Fatir, aya ya 12, imezitaja bahari mbili, tamu na ya chumvi, na kwamba katika zote mbili watu wanakula nyama laini. Kambare asiye na magamba analiwa kwa madhehebu ya Shafi'i bila ya shaka. Ndugu zetu Ithnaashari huangalia magamba, na kila mmoja afuate anachofuata. Samaki hahitaji kuchinjwa.

Wapo waliouliza kama chambo bandia ni udanganyifu. Udanganyifu uliokatazwa ni wa watu katika miamala yao. Mtego ni mtego, na dema na wando navyo vinamhadaa samaki. Sisi tunaona chambo cha plastiki kina nafuu hata kwa viumbe wengine, kwani wako wanaotoboa chura hai kwa ndoana, hali ya kuwa imepokelewa hadithi kwa Abu Dawud ya kukataza kumuua chura.

Lenye mazungumzo ni kuvua kwa mchezo tu, samaki anatobolewa mdomo, anapigwa picha, anarudishwa, kisha mwingine, usiku kucha. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, nayo imo katika Sahihi Muslim. Kwa msingi huo wanachuoni wamechukia kuwinda kusiko na haja. Kumrudisha samaki ambaye sheria imesema arudishwe ni jambo jingine, huko ni kutii na kuhifadhi. Anayevua ale, au auze, au ampe jirani, hana tatizo.

Upo na wakati wenyewe. Saa ambayo chambo cha juu hupata sana ni ile ya jua kuzama, na tena karibu na kupambazuka. Hizo ni Magharibi na Alfajiri. Magharibi wakati wake ni mfupi, na "nirushe mara moja tu" huwa mara kumi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Barza kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Basi anayekesha kwa mchezo, kisha Alfajiri ikampita, ajiangalie.

Na aliyekwisha kujikuta mtoni giza limeingia, asishuke majini kutawadha. Achukue maji yake kwenye dumu tangu nyumbani. Kama hana, na baina yake na maji kuna mnyama wa kuogopwa, vitabu vya fiqhi vimeutaja mfano huo huo katika sababu za kuruhusiwa tayammam. Wakiwa wawili, mmoja aswali na mwenzake ashike taa akielekea maji, kisha wabadilishane. Qibla cha pwani yetu ni kaskazini, kwa hiyo aliye ng'ambo ya kaskazini ya Rufiji anaposwali anaupa mto mgongo. Asogee mbali na ukingo kwanza, ndipo atoe takbira.

Wallahu A'lam.